Nilikuwa fundi friji, nikahamia kwenye baridi

Mhariri, salamu. Swali lenu la wiki hii linauliza: "Jiji limekuchosha? Uko tayari kuhamia mji mdogo?" Siwezi kujibu kwa "niko tayari" wala "siko tayari", maana mimi nilishahama. Julai 2021, saa mbili usiku, nilishusha stendi ya Mafinga, wilayani Mufindi, godoro moja, cherehani ya mke wangu, sanduku la vifaa vya ufundi, watoto wawili waliolala fofofo, na feni ya mezani. Basi lilichelewa kwa sababu kulikuwa na lori limekwama kwenye kona za mlima Kitonga. Nilikuwa nimevaa shati la mikono mifupi. Anayeijua Mafinga ya Julai ameshaanza kunicheka, na ana haki.

Mimi ni fundi friji na viyoyozi. Naomba msomaji alishike hilo, nitalirudia.

Dar es Salaam nilikaa miaka 14. Nyumbani Pugu Kajiungeni, kazini Gerezani, Kariakoo. Watu wakihesabu matatizo ya jiji hutaja joto, wizi, kodi, maji. Yote nimeyaonja. Lakini mtu akiniuliza hasa nilikimbia nini, nina maneno mawili tu: kugeuza nalo. Wa Dar hawahitaji maelezo. Wa kwingine nawaeleza.

Daladala za kutoka Chanika zikifika Kajiungeni asubuhi zimeshashiba. Konda ananing'inia mlangoni, dereva hata hapunguzi mwendo. Kwa hiyo unavuka barabara na kupanda gari linalorudi Chanika, yaani linalokwenda kusiko kazini kwako. Unalipa nauli. Likifika mwisho wa safari hushuki. Wenzako wa kituoni wanalivamia, wengine mlangoni, wengine dirishani, mmoja anarusha begi lake kitini liwe limemkalia, na wewe umetulia umelishika bomba la kiti cha mbele kama umezaliwa pale. Gari linageuza, nawe unageuka nalo. Unalipa nauli ya pili. Baada ya nusu saa na ushee unapita palepale Kajiungeni ulipokuwa umesimama mwanzo, unawaona wale uliowaacha bado wamesimama, na sasa ndiyo unaanza kwenda kazini.

Nilifanya hivyo miaka mingi. Nilikuwa nalipia ile nauli ya pili si kwa ajili ya miguu, bali usingizi. Usingizi wa kwanza ulikatika saa kumi alfajiri kwa simu kulia. Wa pili niliulala kwenye daladala, kichwa kwenye kioo, mdomo wazi, mkono mmoja juu ya mfuko wa suruali. Jioni mchezo ni uleule kwa upande wa pili. Mwanangu wa kwanza alifika miaka minne akinijua kama mtu wa Jumapili. Siku moja katikati ya wiki nilibaki nyumbani na homa, akaniangalia pale kitandani, akaenda kumuuliza mama yake: "Leo Jumapili?" Mama yake akacheka. Mimi nilijifunika shuka.

Na si kwamba hakuna linalofanyika. Daraja la juu la Tazara lilifunguliwa 2018, likatusaidia sana sisi wa njia ya uwanja wa ndege. Mabasi ya mwendokasi yalianza 2016 kwenye Barabara ya Morogoro. Sisi wa Pugu tuliyasikia redioni. Lakini hebu tazama ramani. Jiji hili linategemea barabara kuu nne za kutoka mjini: Bagamoyo, Morogoro, Nyerere ambayo wazee wanaiita Pugu Road, na Kilwa. Sensa ya 1967 ilikuta jiji halijafikisha watu laki tatu. Sensa ya 2022 ilikuta mkoa wa Dar es Salaam una watu 5,383,728, wakati nchi nzima ni 61,741,120. Barabara zimepanuliwa, zimeinuliwa, zimepakwa rangi, lakini bado ni zilezile nne, na kazi nyingi bado ziko kulekule mjini zilikokuwa. Sisi wenye vipato vya chini tunasukumwa mbali zaidi kila mwaka, Chanika, Mbande, Kibamba, halafu kila asubuhi tunaitwa wote kwa pamoja.

Kodi sitaisema sana, kila mtu ana yake. Chumba na sebule laki moja kwa mwezi, ila mwenye nyumba hataki ya mwezi, anataka ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali aliyekuonyesha mlango ana wa kwake mmoja. Fremu yangu ya Gerezani ilikuwa na kilemba chake pia, yaani pesa ya kuipata tu fremu, mbali na kodi, na fremu hiyo ndiyo iliyonitoa. Mwenye nyumba alipata mtu wa kujenga ghorofa, tukapewa mwezi mmoja tuondoke. Nilizunguka Kariakoo wiki mbili nikitafuta fremu nyingine. Kilemba nilichotajiwa kwenye fremu moja, yenye upana wa mlango na nusu, kingeninunulia kiwanja.

Sasa nilifikaje Mafinga? Nina binamu anayeendesha lori la mbao. Aliniambia: "Kaka, kule mashine za mbao zimejaa, mota zinaungua kila siku, mafundi mpaka uwafuate Iringa." Mimi nikasikia nusu. Nilisikia "mafundi hakuna". Lile la mota lilipita kama upepo.

Nikapanga fremu karibu na stendi. Fremu na nyumba vyote viwili kwa pamoja vilikuwa chini ya kodi niliyokuwa nalipa Pugu, nikajiona mjanja wa mwaka. Nikaandika ubao kwa rangi ya bluu: FUNDI FRIJI NA AC. Nikakaa. Asubuhi ukungu ulikuwa unaingia mpaka ndani ya fremu. Watu walipita wamejitanda mablanketi na makoti, wanausoma ubao, wananisalimia "Kamwene, fundi", wanaendelea na safari. Siku ya tano jirani yangu wa chuma chakavu akanionea huruma, akanipeleka baa moja kula kitimoto. Mteja wa meza ya pili akaagiza bia. Mhudumu akauliza: "Ya moto au ya baridi?" Akajibu kwa mshangao, kama ameulizwa kama anataka kipande cha barafu kitandani: "Ya moto bwana, baridi si ipo nje!"

Nikaacha kutafuna. Pale ndipo nilipoelewa nimehamia wapi. Mji mzima ulikuwa friji, na haukuwa umeharibika.

Miezi miwili ya mwanzo nilitengeneza friji tatu: ya bucha, ya mtu aliyehamishiwa kikazi kutoka Tanga, na ya kwangu mwenyewe ambayo niliitengeneza ili niiuze. Kiyoyozi hata kimoja sikukiona. Mke wangu, ambaye ni mtu wa Tanga mjini na alikuwa hajawahi kumiliki soksi, ndiye aliyetulisha. Alishona sare za shule, kisha akaagiza robota la makoti ya mtumba kutoka Dar. Makoti yaliisha siku nne. Alinihesabia pesa mezani bila kusema neno, na wanaume wenzangu mnajua hesabu ya namna hiyo ina maneno mangapi ndani yake.

Mwezi wetu wa tatu pale akaja mzee mmoja na bodaboda, nyuma wamefunga mota kwa mpira wa tairi. Aliniona na sanduku la vifaa, akadhani fundi ni fundi. "Mwanangu, hii imekufa. Iringa wanasema wiki mbili. Nina vijana kumi wamekaa." Nilitaka kusema si kazi yangu. Lakini nilipokuwa kijana Gerezani, kabla ya friji, bosi wangu wa kwanza alikuwa msukaji wa mota, na kwa mwaka mzima kazi yangu ilikuwa kuchomoa waya ulioungua na kuhesabu mizunguko. Nikaifungua. Ndani kulikuwa na maranda yaliyoshindiliwa kama pamba kwenye mto. Hewa haikuwa na pa kupita. Theluthi ya waya ilikuwa nyeusi, iliyobaki inang'aa: kati ya fezi tatu, yaani njia tatu za umeme zinazoilisha mota, moja ilikatika, mota ikaendelea kuhangaika na mbili mpaka ikaungua. Nilihesabu mizunguko, nikaandika kwenye boksi la sigara, nikaagiza waya wa kopa kutoka Gerezani. Nilituma pesa kwa simu saa tisa alasiri, mzigo ukapakiwa basi, kesho yake jioni nikaupokea stendi. Nikasuka usiku. Keshokutwa mota ilizunguka.

Wiki ile zililetwa mota tano. Nikafuta ubao. Sasa unasomeka: TUNASUKA MOTA, na chini kwa herufi ndogo, friji pia.

Nimelieleza hili kirefu kwa sababu ndilo jibu langu kwa swali lenu, mengine ni nyongeza. Watu hunipigia, wengi ni mafundi na mama lishe wa Dar niliofahamiana nao, wanauliza: kodi bei gani, kiwanja bei gani, watu wakoje, baridi kali? Hakuna hata mmoja aliyeniuliza: huko kinaharibika nini? Mafinga ina mbao kwa sababu ina Sao Hill, shamba la miti kubwa kuliko yote ya serikali, na mashamba ya watu binafsi yasiyohesabika. Ina mashine zile za kupasulia magogo ambazo wenyewe huziita dingdong. Ina chai mbele kidogo, na karatasi kule Mgololo. Vitu vyote hivyo vinazunguka, na kinachozunguka huungua. Mimi nilibahatika kwamba ujuzi wangu wa zamani ulikuwa bado mikononi. Kama ningekuwa fundi wa viyoyozi peke yake, leo ningekuwa nimerudi Kajiungeni kugeuza nalo, na majibu haya angewaandikia mtu mwingine.

Ndiyo maana sipendi wanaosema kwa wepesi kwamba vijana warudi mikoani wakalime. Hilo lilishafanywa. 1983, kwenye operesheni ya Nguvu Kazi, wasio na kazi walikusanywa Dar wakapakiwa kwenye malori kupelekwa mashambani. Wengi walirudi mjini. Huwezi kumhamisha mtu bila kumuuliza anakwenda kufanya nini. Na mwenye kuamua polepole asichekwe. Uamuzi wa makao makuu kwenda Dodoma ulipitishwa 1973, na serikali ikaja kuhama kwelikweli baada ya 2016. Kama serikali yenye bajeti na magari ilijipanga zaidi ya miaka 40, kijana wa Mbagala anayesema "bado najipanga" amekosa nini?

Wapo pia wa aina nyingine, wanaohama kwa simu. Wananunua ekari za miti Mufindi wakiwa Sinza, wanatumiwa picha za miche, wanahesabu mamilioni kichwani. Msindano hauna haraka na mtu. Unakaa zaidi ya miaka kumi kabla haujawa mbao ya maana, na katikati pana moto wa kila kiangazi. Nimemwona mtu ameshuka kwenye basi na viatu vyeupe kuja kuangalia shamba lake, akaonyeshwa majivu.

Sasa niseme na gharama ya mji mdogo, nisije nikaonekana nimelipwa na halmashauri.

Jiji lilinichukulia masaa. Huku masaa ninayo: saa kumi na mbili jioni nipo nyumbani, na watoto wamenizoea mpaka wananichoka. Lakini hapa hutembei peke yako hata ukiwa peke yako. Kutoka nyumbani hadi kwenye fremu ni dakika kumi kwa miguu, na salamu zake ni dakika ishirini. Ukimpita mtu mzima bila kusimama, jioni mkeo ataulizwa kama mmegombana. Mwaka wa kwanza nilikosa msiba wa jirani wa nyumba ya nne kwa sababu nilikuwa na mota ya haraka. Pugu nisingejua hata kama amefariki. Hapa hakuna aliyenifokea. Wateja tu waliadimika kwa wiki mbili, mpaka yule jirani wa chuma chakavu aliponiambia polepole: "Fundi, siku ile watu walichimba kaburi wakakuhesabu." Tangu siku hiyo jembe langu linajulikana makaburini.

Na kuna madeni. Dar mteja asipolipa, mota yake inabaki kwako, kwisha. Hapa yule mzee wa mota ya kwanza, ambaye sasa ni mteja wangu mkubwa, alifikisha deni la shilingi 180,000. Nikimdai ananiita mwanangu, ananipa kikombe cha ulanzi, ile pombe ya mianzi, tunazungumza habari za mvua, naondoka bila pesa. Nilifika mahali pa kutompokelea kazi. Nilimwambia mke wangu: akija, mwambie sipo.

Hakuja. Mimi ndiye niliyekwenda. Usiku mmoja wa Juni mtoto wetu mdogo alishikwa na kifua, mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Kituo tulichokimbilia kilikuwa na muuguzi mmoja, na mtungi wa oksijeni ulikuwa mtupu. Akatuambia nendeni Iringa, sasa hivi. Iringa ni kama kilomita 80, saa saba usiku, ukungu, gari la wagonjwa limekwenda kijijini na halijarudi. Mwenye gari niliyemjua kwa jina ni mmoja tu. Niligonga mlango wa mtu ambaye mchana wake nilikuwa nimemkwepa njiani. Alitoka na kofia ya sufi na koti juu ya pajama, hakuuliza kitu, akawasha Noah yake. Kuanzia Ifunda hatukuona barabara kabisa. Alikuwa ameteremsha kioo, ametoa kichwa nje, anafuata mstari mweupe. Tulifika. Mtoto alilazwa siku sita, akapona. Mzee alirudi alfajiri ileile kufungua mashine yake, na mafuta hakunidai.

Dar, hospitali kubwa zilikuwa karibu kuliko hapa, lakini sijui saa saba usiku ningegonga mlango wa nani. Hapa mlango upo, kisichokuwepo ni oksijeni. Nimelipima jambo hili mara nyingi na mizani haijatulia upande mmoja. Anayetaka kuhama na ana mtoto mwenye pumu, au mzazi anayesafishwa figo, asinisikilize mimi. Apime kilomita kwanza.

Lile deni la 180,000, mpaka leo sijalidai. Wakati mwingine nikiwa nasuka nawaza kwamba mzee yule alinilipa, tena na chenji. Wakati mwingine nawaza kwamba waya wa kopa haununuliwi kwa shukrani. Wiki iliyopita ameleta mota nyingine.

Mnauliza pia, kwa maandishi madogo chini ya swali, kama mhamaji anaikumbuka Dar. Naikumbuka kila siku kwa sababu naitegemea. Waya unatoka Gerezani, beringi zinatoka Gerezani, makoti ya mke wangu yanatoka Ilala. Mbao za hapa nazo zinateremka Kitonga kwenda kuezeka nyumba za Chanika. Sikuachana na jiji. Tumebaki kufanya biashara bila kulala nyumba moja. Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na maji Dar yakawa ya mgawo, dada yangu alinipigia kutoka Pugu akilalamikia bei ya dumu, na mimi nikamsikiliza huku mvua za kwanza zikigonga bati la fremu. Nilijisikia vibaya kuwa na mvua.

Mke wangu bado hajazoea. Anasema nguo hazikauki, na kwamba mafuta ya nazi yanaganda kwenye chupa mpaka ayaweke juani, kama kuna jua. Ile feni tuliyoshuka nayo stendi ipo juu ya kabati, ameifunga kwenye mfuko wa sukari na kamba. Mwezi uliopita alikuja mtu wa saluni akaitaka kwa bei nzuri. Nilikuwa nimeshaishusha. Mama watoto akatoka jikoni, akaichukua mikononi mwangu, akairudisha juu ya kabati, akarudi jikoni.